UCHAMBUZI: Taa ya magurudumu yawaka, lakini ni nani Kisumu anayeisoma?

KATIKA vibanda vya kuziba panchari vilivyo kando ya barabara karibu na mtaa wa Kaloleni, mjini Kisumu, gari dogo lililoagizwa kutoka ng'ambo linapoegeshwa huku taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, swali la kwanza la mwenye gari aghalabu huwa ni namna ya kuizima. Swali la kwa nini imewaka huja baadaye, kama linakuja.

Taa hiyo ina umbo la sufuria lisilo na mfuniko, lenye alama ya mshangao katikati. Aliyeichora alikusudia kuonyesha tairi lililokatwa katikati na kutazamwa kwa mbele, likiwa limebonyea chini kwa kukosa upepo. Mchoro huo umekubaliwa kimataifa, lakini haujieleza wenyewe. Madereva wengi huufananisha na taa ya injini, wengine na ya breki, na wapo wanaoamini kwamba ni dosari ya umeme isiyoweza kutengenezwa humu nchini. Kitabu cha maelekezo, ambacho kingelimaliza ubishi, ama kilibaki Japani ama kilikuja kikiwa kimeandikwa kwa Kijapani.

Suala hili lisingestahili nafasi gazetini kama lingekuwa la starehe ya wenye magari pekee. Hata hivyo, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zinaonyesha kwamba watu 4,748 walifariki katika barabara za Kenya mwaka 2024, wengi zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Kupasuka kwa tairi ni miongoni mwa visababu vinavyotajwa mara kwa mara katika taarifa za polisi, na tairi jipya na zima ni nadra kupasuka ghafla bila historia. Kwa kawaida limekwenda siku nyingi likiwa na upepo pungufu, likijikunja na kujikunjua kila linapozunguka, likijipasha moto kutoka ndani, hadi matabaka yake yakaachana. Taa ya njano ilibuniwa kuidaka historia hiyo kabla ya mwisho wake.

Kisa cha kubuniwa kwake ni cha damu. Mnamo Agosti 9, 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarejesha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Matabaka ya juu ya matairi hayo yalikuwa yakibanduka katika mwendo wa kasi, hasa katika majimbo ya joto, na magari yakibingirika. Idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo hatimaye ilihesabu vifo 271 vilivyohusishwa na matairi hayo. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama hadharani, na mojawapo ya hoja zilizozozaniwa ilikuwa kiwango cha upepo: Ford ilikuwa imependekeza PSI 26, kiwango ambacho wapinzani wake walisema kiliyaacha matairi bila akiba ya kutosha.

Bunge la Marekani halikukawia. Sheria ya TREAD ilitiwa saini na Rais Bill Clinton mnamo Novemba 1, 2000, na ndani yake mlikuwa na agizo kwamba magari mapya yawe na kifaa cha kumwarifu dereva tairi linapopungukiwa upepo. Utekelezaji wake ulichukua miaka. Kanuni ya kwanza ilibatilishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2003 baada ya mashirika ya watetezi wa wanunuzi kulalamika kwamba iliruhusu mfumo hafifu, nyingine ikaandikwa mwaka 2005, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa huko lilikuwa na taa hiyo. Ulaya ilifuata. Kuanzia Novemba 2012 aina zote mpya za magari madogo zilitakiwa kuwa nayo, na kuanzia Novemba 2014 sharti hilo likayahusu magari yote madogo mapya, hata ya aina za zamani.

Japani, ambako ndiko yanakotoka mengi ya magari yanayoendeshwa Kisumu, haikuweka sharti la jumla namna hiyo kwa magari madogo ya soko lake la ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kuyakagua magari kumi ya muundo mmoja katika yadi moja akapata taa hiyo katika mawili tu. Kinyume chake, magari ya Volkswagen, BMW au Mercedes-Benz yaliyotumiwa Uingereza kisha yakaletwa Kenya hayana budi kuwa nayo, kwa kuwa yalitengenezwa chini ya sheria ya Ulaya.

Hapa ndipo sera ya Kenya inapoingia. Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane. Kuanzia Januari 1, 2026, milango ilifungwa kwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 2019. Maana yake ni kwamba kila mwaka unaopita, kizazi cha magari yanayoshushwa Mombasa kinasogea mbele, na sehemu ya magari yenye vifaa vya kupima upepo inaongezeka. Taa ambayo mwaka 2010 ilikuwa kioja mjini Kisumu sasa ni jambo la kila siku.

Lakini kanuni hiyo ya miaka minane ina mtego ambao waliyoiandika hawakuwa na sababu ya kuufikiria. Katika mfumo wa aina ya kwanza, kila gurudumu lina kihisio kidogo kilichofungwa kwenye vali, ndani ya rimu, ambacho hupima shinikizo la hewa na kulituma kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Kihisio hicho huendeshwa na betri iliyozibwa ndani yake, isiyobadilishwa, na ambayo hudumu baina ya miaka mitano na kumi. Gari linalonunuliwa likiwa na umri wa miaka saba, basi, linafika Kenya likiwa na vihisio vilivyo katika uzee wake. Mnunuzi wa kwanza aliufaidi usalama huo katika barabara za Birmingham au Osaka. Mnunuzi wa Kisumu anarithi betri zinazokaribia kukata roho.

Betri inapokufa, gari halinyamazi. Taa huwaka ikimetameta kwa muda wa dakika moja hadi moja na nusu kila gari linapowashwa, kisha hutulia na kubaki ikiwaka. Tofauti hiyo ndiyo herufi ya kwanza ya lugha ya taa hii, na ndiyo isiyojulikana zaidi. Taa inayowaka moja kwa moja tangu mwanzo inasema kwamba kuna tairi lililopungukiwa upepo. Taa inayometameta kwanza inasema kwamba mfumo wenyewe ni mgonjwa na hauwezi tena kumwambia dereva lolote, jema wala baya. Ya kwanza inadai geji ya upepo mara moja. Ya pili inadai fundi, na hadi fundi apatikane, dereva ahesabu kwamba gari lake halina mlinzi.

Dereva asiyeijua tofauti hiyo hupita njia inayotabirika. Taa inawaka, anakagua magurudumu, anayaona sawa. Inawaka tena kesho yake. Baada ya wiki mbili anaizoea, na baada ya miezi miwili amebandika kipande cha karatasi cheusi juu yake au amemwomba fundi wa umeme amalize kero hiyo. Siku msumari wa kweli utakapoingia katika tairi la nyuma, taa itakuwa imekwisha kunyamazishwa.

Mafundi wa panchari nao wana sehemu yao, ingawa haitakuwa haki kuwatupia mzigo wote. Tairi linapotolewa kwenye rimu kwa mitaimbo, kama inavyofanywa katika vibanda visivyo na mashine, ncha ya chuma hupita pale pale kihisio kinapokaa. Kikivunjika, mwenye gari hajui na fundi huenda asijue pia, kwa sababu huko nyuma vali ilikuwa kipande cha mpira kisicho na thamani. Kukipata kingine si jambo la kwenda dukani tu: vihisio vya magari ya Ulaya kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 433 ilhali vingi vya Japani na Marekani hutumia 315, na kifaa cha masafa mengine kitakaa kimya ndani ya gurudumu hata kikiwa kipya kabisa. Aidha, baadhi ya magari hudai kihisio kipya kisajiliwe kwa kompyuta kabla ya kutambuliwa.

Mfumo wa aina ya pili hauna kihisio cha upepo hata kimoja. Unategemea vifaa vya breki za ABS, ambavyo tayari hupima kasi ya kila gurudumu. Tairi lililopungukiwa upepo huwa na kimo kifupi kidogo, hivyo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ya wenzake katika umbali ule ule, na kompyuta huigundua tofauti hiyo. Ni mbinu ya werevu na isiyo na betri ya kufa. Udhaifu wake ni kwamba gari halijui kiwango halisi cha upepo, bali linalinganisha tu na kile liliambiwa kuwa ni sawa. Likiwa la aina ya zamani kidogo na magurudumu yote manne yakapungua pamoja, kama yanavyopungua kwa kawaida mwezi baada ya mwezi, huenda lisione kitu.

Na hapa pana kosa ambalo huenda ndilo baya kuliko yote. Magari ya aina hii yana kitufe, au sehemu kwenye skrini, ya kuueleza mfumo kwamba magurudumu yamejazwa upya na uanze kulinganisha kuanzia sasa. Kitufe hicho kikibonyezwa huku tairi likiwa na upepo pungufu, taa inazimika na dereva anafurahi. Alichofanya ni kulifundisha gari kwamba ulegevu ndio hali ya kawaida. Kuanzia hapo litasubiri tairi lilegee zaidi ya hapo ndipo liseme.

Hata mfumo mzima na uliosajiliwa vyema husema kwa kuchelewa. Kanuni ya Marekani inadai taa iwake upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa. Ile ya Ulaya ni kali zaidi kidogo, asilimia 20. Kwa gari lililopangiwa PSI 33, hiyo ina maana kwamba kwa hesabu ya Marekani tairi linaweza kushuka hadi karibu PSI 25 bila taa kuwaka. Dereva anayesema kwamba magurudumu yake yako sawa kwa sababu taa haijawaka anafanana na mtu anayesema yuko mzima kwa sababu hajazirai. Pamoja na hayo, kifaa hicho kimethibitisha faida yake: utafiti wa idara ya usalama barabarani ya Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kilipunguza kwa takriban asilimia 56 uwezekano wa gari kuwa na tairi lililopungukiwa upepo kupita kiasi.

Lalamiko moja linalosikika mara nyingi ni kwamba taa huwaka asubuhi na kuzimika yenyewe mchana, jambo linalowafanya wengi waione kuwa ya kichawi. Sababu yake ni fizikia ya darasa la sekondari, na hali ya Kisumu inaifanya ionekane wazi zaidi.

Hewa iliyofungiwa hupungua nguvu inapopoa. Chukua gari lililotoka Busia kupitia Maseno alasiri, lami ikiwa ya moto, na hewa ndani ya matairi ikiwa imefikia nyuzijoto 55. Dereva anapita kwenye pampu kabla ya kufika nyumbani na kuagiza PSI 33. Geji inasoma 33, analipa, anaondoka. Alfajiri, joto la mji likiwa nyuzi 18, hewa ile ile itasoma takriban PSI 28. Hakuna iliyovuja. Ongeza upungufu wa kawaida wa PSI moja au mbili kwa mwezi, ambao kila tairi hupata hata likiwa zima, na kufikia mwisho wa mwezi taa itawaka kila asubuhi na kuzimika kila gari linapopata joto. Mambo huwa mabaya zaidi pale mhudumu wa pampu anapokuta tairi la moto linasoma 38 na kwa nia njema akapunguza hadi 33. Kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji ni cha tairi lililopoa, yaani gari lililokaa saa kadhaa bila kuendeshwa. Kupima magurudumu jioni baada ya safari ndefu ni kama kumpima mtoto homa akiwa ametoka kucheza mpira juani.

Wapo madereva wanaohofia kwamba kupanda kutoka Kisumu, ulio kwenye mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, hadi baridi ya Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, kutawapotezea upepo mwingi na kuwasha taa. Hofu hiyo inakaribia kujifuta yenyewe. Baridi huko inapunguza shinikizo ndani ya tairi, lakini hewa ya nje nayo ni nyepesi zaidi kileleni, hivyo tofauti baina ya ndani na nje, ambayo ndiyo geji inayoipima, hubadilika kwa chini ya PSI moja. Anayeona taa ikiwaka mlimani asilaumu mlima.

Kuhusu kiwango sahihi, jibu limo ndani ya gari lenyewe. Mlango wa dereva ukifunguliwa, kwenye nguzo yake pana kibandiko. Magari ya Japani huandika kwa kilopaskali, na hilo huwatatiza wengi kwa kuwa geji za Kisumu husoma PSI. Kilopaskali 230 ni sawa na PSI 33, na 240 ni karibu 35. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, ambayo mara nyingi ni 44 au 51, ni ukomo ambao tairi halipaswi kuuzidi, wala si kiwango cha kujaza. Katika ubavu huo huo mna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari likishuka melini na matairi yake ya kwanza, tarakimu hizo zafaa kusomwa kabla ya taa yoyote.

Yote hayo yanamhusu mwenye gari dogo. Abiria wa kawaida wa Kaloleni, hata hivyo, haendi Ahero au Bondo kwa Volkswagen. Anapanda matatu ya viti 14, tuktuk au bodaboda, na vyombo hivyo havina taa ya namna hiyo. Katika vituo vya matatu, kipimo cha upepo ni teke la kondakta au kigongo kinachogongwa kwenye tairi, na sikio linalosikiliza mlio. Mkono wenye uzoefu unaweza kutambua tairi lililokufa kabisa, lakini tairi la kisasa lenye nyuzi za chuma linaweza kupungukiwa robo ya upepo wake na bado likaonekana na kusikika kama zima, hasa yale ya nyuma yanayobeba mzigo mkubwa. Ni robo hiyo hasa ambayo taa ya Marekani iliwekewa.

Kwa hivyo kinga imekwenda kwa mtu mmoja na familia yake, ilhali hatari kubwa zaidi imebaki kwa watu 14 wasiofahamiana. Ulaya iliona pengo hilo na kulishughulikia. Kanuni yake ya usalama wa magari ya mwaka 2019 iliupanua wajibu wa kifaa hicho hadi kwa mabasi, malori na magari ya mizigo, kuanzia Julai 2022 kwa aina mpya na Julai 2024 kwa magari yote mapya ya makundi hayo. Itachukua miaka kabla ya magari hayo kufika Afrika Mashariki yakiwa mitumba, na mengi hayatafika kamwe kwa kuwa usukani wake uko kushoto.

Je, Kenya ilazimishe kifaa hicho katika matatu zake? Wanaopendekeza hivyo wakumbuke kidhibiti-mwendo. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilidai kila matatu iwe na mikanda ya usalama na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa miezi kadhaa barabara zilitulia. Kisha mbinu za kukilaghai kifaa hicho zikawa biashara ya gereji, na mikanda ikageuka vitambaa vichafu vinavyovaliwa tu penye kizuizi cha polisi. Kifaa kilichofungwa kwa amri, pasipo mtu wa kukikagua kila siku, huishia kuwa pambo. Taa ya magurudumu haitakuwa tofauti, na pengine itanyamazishwa upesi zaidi kwa kuwa haimzuii dereva kwenda kasi bali inamkera tu.

Njia yenye matumaini zaidi ni ukaguzi. Magari ya uchukuzi wa umma na ya kibiashara hukaguliwa kila mwaka, na mwaka 2025 NTSA ilichapisha rasimu ya kanuni zilizopendekeza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe pia. Wenye magari walilalamikia gharama, na malalamiko hayo yana uzito katika nchi ambayo bei ya mafuta pekee inawatoa jasho. Lakini mjadala ulihusu zaidi ada na rushwa kuliko kile hasa kitakachokaguliwa. Nchini Uingereza, gari lililoanza kutumika tangu Januari 1, 2012 hufeli ukaguzi wa kila mwaka ikiwa taa hii inaonyesha kwamba mfumo umeharibika. Gari lile lile likivuka bahari na kusajiliwa Kenya, taa hiyo haimkoseshi mtu usingizi.

Ni vigumu kudai kwamba Kenya iige kanuni ya Uingereza kesho. Kumfelisha mwalimu wa Kisumu kwa sababu ya betri nne zilizokufa ndani ya rimu, ilhali lori mbele yake linatembea na matairi yaliyokwisha kipara, itakuwa dhihaka. Lililo karibu zaidi ni kumtaka mkaguzi apime upepo wa kila gurudumu kwa geji na kuuandika kwenye cheti, pamoja na kutaja iwapo gari lina mfumo wa tahadhari na kama unafanya kazi. Gharama ya hilo ni dakika tano. Yadi za kuuzia magari nazo zingeweza kutakiwa kumweleza mnunuzi kwa maandishi hali ya mfumo huo, kama zinavyomweleza kilomita ambazo gari limetembea, japo katika hilo la kilomita pia ukweli haupatikani kila mara.

Serikali za kaunti zina nafasi ambayo hazijaitumia. Kisumu hutoza ada za biashara kwa vibanda vya panchari na magari ya uchukuzi hulipia vituo. Geji inayosoma sawasawa, iliyofungwa katika kila lango la kituo na kukaguliwa na maafisa wa vipimo kama vile mizani ya sokoni Kibuye inavyokaguliwa, ingemfikia abiria wa matatu mapema kuliko sheria yoyote ya Ulaya. Geji za vibandani nyingi zimeangushwa, zimelowa na kukaangwa na jua kwa miaka, na mbili zilizo hatua kumi kutoka kwa kila moja zinaweza kutofautiana kwa PSI tatu au nne. Dereva mwangalifu hununua yake na kuiweka ndani ya gari.

Wakati huo huo, uzinduzi wa ujenzi wa barabara pana ya Rironi hadi Mau Summit uliofanywa Novemba 2025 unaashiria safari za kasi zaidi kati ya Kisumu na Nairobi miaka michache ijayo. Kasi huongeza joto la tairi, na joto ndilo humaliza tairi lenye upepo pungufu. Mashimo ya barabara ya sasa, pamoja na maudhi yake yote, yamekuwa yakiwalazimisha madereva kupunguza mwendo.

Kwa anayeiona taa hiyo ikiwaka leo akiwa njiani, hatua ni chache. Apunguze mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, ashike usukani kwa mikono miwili, na asimame penye usalama nje ya lami. Kama gurudumu limelala, libadilishwe hapo hapo. Kama yote yanaonekana sawa, aende polepole hadi kwenye geji iliyo karibu, ajaze, kisha ayapime tena asubuhi yakiwa yamepoa, akilinganisha na kibandiko cha mlangoni. Tairi moja likirudi kuwa chini ya wenzake baada ya siku mbili, kuna msumari, vali inayovuja au rimu iliyopinda. Kitufe cha kuanzisha upya, kama gari linacho, kibonyezwe baada ya hapo.